Kifua cha Mzee Thadeus

"Jamaa wa karibu?" muuguzi Persis aliuliza kwa mara ya pili.

"Hakuna," mzee alijibu, akakohoa hadi machozi yakamtoka. Persis akachora mstari kwenye faili.

Mzee aliitwa Thadeus, mkulima wa ndizi kutoka Ekerenyo. Hadi kufikia huo mwaka wa 1994 alikuwa amemeza dawa za kifua kikuu miezi minane, asipone. Picha ya eksirei ilionyesha mapafu yenye mashimo, ingawa makohozi yake hayakuwa na vijidudu vya kifua kikuu. Hata hivyo, alilazwa chumba cha peke yake. Saa ya kuwaona wagonjwa ilipofika, watu walipita mlangoni na ugali na mboga za chinsaga za wagonjwa wao. Yeye aligeukia ukutani.

Aliyeketi naye ni daktari kijana, aliyehamia hospitali hiyo majuzi. Huyo ndiye aliyepeleka makohozi maabara ya Nairobi. Siku ya kumi majibu yalirudi: melioidosi, ugonjwa adimu wa bakteria wa matopeni. Mzee alianza kudungwa sindano kila baada ya saa nane. Wiki ya pili homa ilishuka, akaomba uji.

"Utapona, mzee," daktari alisema alasiri moja, akivuta kiti. "Vidonge utameza miezi kadhaa. Lakini bakteria huyu si wa vilima vyetu. Amezoeleka kwenye mashamba ya mpunga kule Asia. Anaweza kulala mwilini miaka na miaka, mtu akidhoofika anaamka. Uliwahi kufika huko?"

"Mimi? Sijavuka Kisumu."

"Hata wakati wa Vita vya Pili vya Dunia?"

Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati.

"Burma," mzee alisema mwishowe. "Tulilala matopeni wiki nzima. Wenzangu wakafa. Mimi nikapotea, nikaokotwa na kikosi kingine. Nyumbani wakaandikiwa kwamba nimekufa. Niliporudi Birongo, mke wangu alikuwa amechukuliwa na ndugu yangu. Mwanangu, niliyemwacha tumboni, alikuwa akimwita baba. Nikawatazama kutoka nyuma ya migomba. Walikuwa wanacheka."

"Ukafanya nini?"

"Nikageuza njia. Nilipofika Ekerenyo nikabatizwa, nikachukua jina jingine. Sikuoa tena."

"Hukurudi hata siku moja?"

"Nirudi niwaambie nini, daktari? Walishanililia wakamaliza."

Daktari akafungua faili. "Acha niandike historia yako sawasawa. Kabla ya ubatizo uliitwa nani?"

Mzee alisitasita, kama mtu aliyesahau njia. Miaka arobaini na minane hakuwa amelitamka.

"Mokua," alisema. "Mokua Nyamweya."

Kalamu ilisimama. Lilikuwa jina la daktari mwenyewe, alilopewa kumkumbuka babu yake wa Birongo, aliyefia Burma.