Kuvu Ndani ya Kioo

Mbeyu aliimulika kwa tochi ya simu ile lenzi ndefu ya kamera, ya mtumba. Ndani ya kioo, nyuzi nyeupe za kuvu zilikuwa zimetambaa kama mizizi.

"Vumbi tu hilo, mwanangu," alisema mwenye duka, akimsogezea kahawa.

"Kuvu, ami. Ikilala na lenzi nyingine, huziambukiza."

Lenzi ndefu ya Mbeyu mwenyewe ilikuwa imevunjika, na fainali ya mpira uwanjani Tononoka ilikuwa jioni ile. Asingepiga picha, kazi angepewa mwingine. Miguu haikuwa na nguvu ya kuzunguka Mji wa Kale tena kutafuta nyingine.

Akaimaliza kahawa.

"Haya, nifungie. Lakini mfuko wake wa peke yake. Nimeuguza watoto wenye tetekuwanga. Huyu hatalala na wenzake."