Nyasi za Kwenye Buti

Aikande nusura alie. Unyasi wenye shina jekundu aliouchuma kule juu mlimani, ambao hakuna aliyewahi kuuandika kwenye orodha ya mimea ya mlima ule, suke lake lilidondoka njiani, na profesa wake wa mimea chuoni kashasema, "Bila suke siuandiki, binti."

Mara baba yake, mpagazi wa mlimani, akaingia na kuvua buti moja. Wapagazi hujaza nyasi humo, baridi isiwang'ate vidole. Akazichomoa azitupe.

"Baba, usitupe! Shina jekundu! Na masuke yake yote!"

"Zinanuka, mama."

"Zinuke tu!"

Akazishindilia tena butini, akachomoka nalo mbio kuelekea chuoni. Watu wakampisha wameshika pua, naye anacheka. Nyuma, baba anamfuata akirukaruka kwa mguu mmoja: "Kiatu changu, we Aikande!"