Mwamba wa Salha

Huku Ghuba ya Bothnia, kaskazini kabisa, bahari ni ya kina kifupi na ardhi yake inainuka kila mwaka, upana wa kidole cha mwisho. Basi sheria inawapa kila wanandoa mwamba wao chini ya maji. Siku ukichomoza, wale walioandikiwa ndio watakaohamia juu yake, hata kama waliachana zamani.

Mwamba wetu, mimi na Shaweji, maji yake bado yananifika kifuani. Wa kwake na Salha, mtalaka wake, niliuliza mara moja tu.

"Ule? Ule hata wajukuu hawatauona, mke wangu."

Jumamosi nikawa nafuta fimbo yake ya kupimia kina. Alama ya mwamba wetu naijua, usawa wa kifua. Chini kabisa kulikuwa na nyingine, imechongwa juzijuzi kwa kisu, usawa wa kifundo cha mguu.

Sikuaga. Nilichukua boti nikautafuta mwamba wa Salha mpaka nikaupata. Wetu umejaa mwani. Huu ulikuwa umesuguliwa ukasuguka, safi kama sahani ya mgeni. Nikavua viatu, nikasimama juu yake kwa uzito wangu wote.

Shaweji alinifuata na boti ya jirani.

"Panda, mke wangu, maji ya baridi hayo. Huwezi kuuzamisha."

"Nitajaribu."

Hakunitazama usoni. Alitazama maji miguuni pangu.

"Bado miaka saba," alisema, kabla hajauwahi mdomo wake.