Fonti ya Baba

Herufi g ndiyo iliyomtoa jasho. Baba huipinda mkia kama ndoano, na msanifu wa fonti alikuwa ameichora upya kwenye kompyuta mpaka macho yakamwasha.

Kadi za baba zilitapakaa mezani, zake na za mdogo wake, moja kila siku ya kuzaliwa tangu baba aondoke kwenda kutafuta maisha. Alizipitisha kwenye skana, akakata herufi moja moja, akazipanga ndani ya programu. Herufi a alichora tatu zinazotofautiana kidogo, maana mkono wa mtu haurudii kitu sawasawa. Mwizi gani mwenye bidii hivi! alijisemea.

Wiki iliyopita baba mdogo alimpigia simu. Baba amefariki. "Mama yako nitakuja kumwambia mwenyewe. Wewe funga mdomo, mdogo wako amalize mitihani kwanza."

Na kesho ndiyo siku ya kuzaliwa ya mdogo wake, anayemjua baba kwa mwandiko tu.

Akatoa faili la fonti, akalisakinisha, akachapa jina la utani ambalo kadi za baba humwita mdogo wake: "Kwa King'ang'anizi wangu." Lo! Alisahau kuchora kile kialama cha ng', na kila kilipotakiwa palitokea kisanduku kitupu. Akarudi kukichora, akatoa faili upya. Kumdanganya mtoto kwa mkono wa marehemu! Aliona aibu hata kuitazama printa ikitema kadi kwa wino wa buluu.

"Unafanya nini humo?" mama akauliza mlangoni.

"Kazi ya mteja, Mama."

Mama, ambaye akiandika sana ni CHUMVI na SUKARI kwenye makopo ya jikoni, akaenda zake.

Alfajiri akaiacha kadi chini ya mlango wa mbele, kama zinavyoachwa siku zote na msafiri anayesemekana kutumwa na baba, ambaye hakuna aliyewahi kumwona.

"Mbili!" kelele za mdogo wake zikamwamsha. "Mwaka huu Baba kaleta mbili!"

Msanifu akatoka mbio, akazitazama, akaduwaa. Mwandiko ule ule, g zile zile. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mama alisimama kando, kikombe mkononi. Akamvuta jikoni, akarudisha mlango, akamnong'oneza:

"Mwandiko wangu umeujulia wapi?"