Chumba cha Ng'ambo

Mwanangu Mbaruku alipoajiriwa ng'ambo hakupanda ndege. Chumba chake kilihesabiwa kuwa nchi ya watu, nasi wa sebuleni tukawa wageni. Mkewe alipewa kibali, akajifungulia humo humo.

“Mbaruku, nifungulie nimwogeshe mjukuu wangu!”

“Sheria, mama. Anayeingia lazima awe na ofa ya kazi.”

“Basi niajiri, bosi!”

Akaniajiri kama yaya. Mkataba ulisema sitatoka mpaka mtoto aanze shule. Nikaweka dole gumba, nikaingia nikicheka. Mtoto ana pua yangu, maskini.

Nilipombeba tu, nikamsikia Mzee Faki, mume wangu asiyeona, akipapasa mlango kwa nje.

“Mama Mbaruku, unatoka saa ngapi?”

Nikamwimbia mtoto kwa sauti kubwa, nisisikie tena.