Bangili ya Pauni Nne

Desmond Ormerod alikuwa juu ya ngazi, pua imevuka ukuta wa jirani, akinusa. Alivuta hewa mara tatu, akashuka, akaandika kwenye daftari: saa kumi na dakika tano alasiri, bangi. Ilikuwa mara ya kumi na tisa tangu mwaka uanze.

Katika mtaa ule wa mji wa Burnley, ambako nyumba zimebanana mpaka mtu akipiga chafya jirani anamtakia afya, Desmond alijifanya mlinzi bila kuajiriwa na yeyote. Tangu astaafu, kazi yake ilikuwa kuiandikia halmashauri barua. Alikuwa ameshaandika kuhusu mapipa ya taka, kuhusu paka, na kuhusu mlango uliopakwa rangi ya zambarau. Sasa alikuwa amempata Glenys.

Glenys Haworth, mjane wa nyumba ya pili, alitembea kwa mkongojo tangu abadilishwe nyonga. Nyumba aliyopanga ilikuwa ya halmashauri, na mkataba ulisema wazi: zikikutwa dawa za kulevya ndani, mpangaji anatoka. Alikuwa ameishi mle miaka thelathini na minne na hakuwa na pengine pa kwenda. Desmond alikuwa amekihifadhi kichwani kile kipengele, neno kwa neno, na kilimpa raha.

Si kwamba hakumuuliza. Mwezi wa tatu alimkabili pale ukutani, na Glenys akamjibu bila kupepesa macho kwamba kinachonukia ni dawa, imeandikwa na daktari.

"Daktari gani anaandika bangi?"

"Wa kliniki ya kulipia. Hospitali ya serikali ukiwaomba wanakwambia subiri, na wapo waliosubiri mpaka wakazikwa."

Desmond akataka kujua bei, maana bei ndiyo kitu pekee kilichowahi kumgusa moyoni. Glenys akamtajia: kumwona daktari kwenye kompyuta mara ya kwanza, pauni hamsini, kumwona tena kila miezi mitatu, thelathini, dawa yenyewe pauni saba kwa gramu, na gramu moja inaisha kwa siku, kuletewa mlangoni, juu yako. Kwa mwezi inafika pauni mia mbili na thelathini hivi, ukiwa na bahati bei isipande.

Desmond alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mke wangu vidole vilikakamaa kwa baridi yabisi, hata kifungo hawezi kufunga. Nikamnunulia bangili ya shaba sokoni, pauni nne. Nne, Glenys. Leo anafuma sweta. Nyie mnaibiwa mchana kweupe na bado mnasema asante."

Glenys alimtazama kidogo, akasema ni bangili nzuri sana, akaingia ndani.

Na ni kweli, vidole vya Hilary vilikuwa vimefunguka tangu majira ya baridi. Desmond alimpitisha mkewe mtaani kama ng'ombe wa maonyesho, akimwinua mkono ili watu waione bangili, akieleza bei kabla hajaulizwa. Hilary aliuacha mkono uinuliwe. Miaka arobaini na sita na mwanamume yule ilikuwa imemfundisha kwamba kumjibu ni kumpa kazi.

Vuli iliyopita alikuwa ameuza kinanda cha mama yake, akamwambia mumewe hela ameziweka za mazishi. Desmond alimsifu kwa busara hiyo, akasogeza kiti chake mahali kilipokuwa kinanda. Lililomuudhi lilikuwa moja tu, kwamba kila alasiri Hilary alikwenda kumsaidia Glenys kazi za ndani, eti kwa ajili ya ile nyonga.

"Unamfulia mvuta bangi," alimwambia. "Hata angekuwa mama yangu mzazi, ningemwacha akae na maumivu yake."

Hilary alihesabu mishono yake, akaendelea kufuma.

Barua ya ishirini ndiyo iliyomleta askari. Alikuja Jumanne asubuhi, kijana mpole wa jina Iqbal, akapokea daftari kwa mikono miwili na kuingia nalo kwa Glenys. Desmond alifunga tai, akakaa mezani kungoja. Alimwagiza Hilary aweke chai na biskuti nzuri, akaanza kuwaza familia gani yenye heshima ingefaa kupewa ile nyumba.

Haikupita nusu saa, Iqbal akarudi na kopo dogo jeupe.

"Umeikuta," Desmond alisema. "Anatoka lini?"

"Hatoki, mzee. Dawa hii ni halali, ina daktari wake na imelipiwa. Ila sheria inataka ikae kwa mwenye jina lililobandikwa kwenye kopo, na lililobandikwa hapa si la Bi Glenys. Mwenyewe akiichukua akaiweka kwake, mimi sina kesi na mtu."

Uso wa Desmond, uliokuwa umeanza kununa, uling'aa upya. Alivuta daftari, akafungua ukurasa mpya na kulamba ncha ya penseli.

"Kumbe wako wawili. Nilijua yule peke yake hana uwezo wa kulipa hela zote zile. Soma jina kwa sauti, kijana, na huyo mjinga mwingine nimwandikie leo leo."

Iqbal alilitazama kopo, kisha akatazama nyuma ya bega la Desmond.

Hilary alimaliza kumimina chai, wala tone halikumwagika. Akaivua bangili ya shaba, akaiweka kwenye kisosi cha mumewe, kando ya biskuti, akanyoosha mkono.

"Nipe kopo langu, mwanangu," alimwambia askari.