Mkanda wa Mzee Gathogo

"Toa risasi kwanza, mzee," Shiundu alisema, na hakuigusa bunduki mpaka Mzee Gathogo alipozitia zote mfukoni.

Shiundu hushona mabegi mtaani Kabiro. Bunduki hakuwahi kushika, lakini Mzee Gathogo, landilodi wake, ana leseni, na kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kufunga pete mbili za kupitisha mkanda. Tena aliitaka kazi hiyo. Katika ploti yao ya vyumba vya kupanga mitungi ya gesi ilikuwa ikiibwa kila Jumapili watu wakiwa kanisani, wala hakuna kufuli lililovunjwa. Wapangaji walisema mwizi ana dawa. Nafuna, mke wa Shiundu, alishapoteza mtungi mmoja. Wa pili aliazimwa na dada yake, na huo ukienda, biashara ya chapati imekwisha, na wao wamekwisha nayo.

Sasa Mzee Gathogo alikuwa amejitolea kulinda mwenyewe. Landilodi anayekosa ibada kwa ajili ya gesi ya mpangaji, utampata wapi? Shiundu alimpenda siku hiyo kuliko baba yake mzazi.

Kitako cha bunduki kilikuwa cha plastiki, kitupu ndani. Akafungua kifuniko cha nyuma, akaanza kutoboa kwa drili ya mkono.

"Mbona pole pole hivyo?"

"Hii si mbao, mzee. Nikiharakisha itapasuka."

Akapitisha skrubu ya pete, akaikaza kwa nati upande wa ndani. Pete ya pili akaifunga mbele, chini ya mtutu. Mkanda aliukata kwenye begi la safari.

"Hizo vyuma zisipige kelele," mzee akasema.

"Ndio mwizi asikuskie?"

"Mtu yeyote asiniskie."

Shiundu akazivalisha pete vipande vya tyubu ya baiskeli. Mzee akaitundika bunduki mgongoni, akainama, akainuka, akanyoosha mikono. Haikuteleza.

"Sasa hii ni kazi. Jumapili nyinyi endeni muombe."

Shiundu alikataa malipo.

Jumapili waliomba kweli. Pasta alipowaombea walinzi, amina ya Shiundu ilisikika mpaka nje. Kisha mtoto wao akalia njaa, na Nafuna akamtuma Shiundu nyumbani kuchukua chupa ya maziwa.

Mlango wao ulikuwa wazi. Mzee Gathogo alikuwa anatoka kinyumenyume, bunduki imetulia mgongoni, kimya kabisa, amekumbatia mtungi wa Nafuna.